UA LA UZIO: LIPI LINALIWA, LIPI TULIACHE

Wengi wetu tulivuka mpaka pale Mpondwe, tukapita Bwera na Kasese, na njiani tuliona nyua zenye maua makubwa mekundu. Hiyo ni haibiskasi. Ua lake linaliwa, na sisi walimu tuliwafundisha watoto hivyo.

Kesho yake binti mmoja mdogo akaja darasani na ua jeupe la tarumbeta, tayari liko mdomoni. Tulimtoa mbio, hakumeza. Kosa lilikuwa letu: tulisema ua linaliwa, hatukuwaonyesha ni lipi. Kwa hiyo wazazi, tuanze hapo.

KULITAMBUA
Haibiskasi ina petali tano, na katikati kuna kijiti kirefu kinachotokeza nje, chenye unga wa njano. Majani yake yana meno pembeni. Ukikata tawi, halitoi maziwa.

Ua la tarumbeta linaning'inia likitazama chini. Ni sumu. Ule mti wa uzio wenye maua ya njano, majani membamba na maziwa meupe nao ni sumu kali. Oleanda vilevile. Kama huna hakika, usile, na mtoto asile bila kumwonyesha mtu mzima kwanza.

KUIPANDA
Haibiskasi haivumilii baridi kali. Juu Ruwenzori kwenye barafu inakufa, lakini huku chini, Kasese na Bwera, inabaki kijani mwaka mzima.

1. Omba tawi kwa jirani. Unene uwe kama kalamu, urefu sentimita 15 hadi 20. Kata chini kidogo ya kifundo.
2. Toa majani ya chini, bakiza mawili juu.
3. Fukia nusu yake kwenye kivuli, mvua zikianza. Maji yasituame.
4. Mwagilia kidogo kidogo. Maji uliyooshea mboga yanatosha. Mizizi inatoka baada ya wiki 4 hadi 8, ndipo uhamishie kwenye uzio.
5. Usipige dawa ya wadudu kwenye maua ya kula.

KUILA
Ua linadumu siku moja tu, basi lichume asubuhi. Lioshe, toa kijiti cha katikati na kikonyo cha kijani. Petali kula mbichi na kachumbari, au mimina maji ya moto upate chai. Kamulia ndimu, chai inazidi kuwa nyekundu. Darasani tulitia maji ya majivu kwenye kikombe kingine, ikageuka kijani! Watoto walipiga kelele. (Hiyo ya majivu hainywewi.) Mama mjamzito, au anayetafuta mimba, aiache.

Tuseme ukweli: ua halishibishi. Ukiwa na nafasi, panda pia ngaingai, ndugu yake haibiskasi. Majani yake tumeyapika tangu nyumbani, na vile vikombe vyekundu vinavyobaki ua likidondoka vinatoa juisi nzuri. Haibiskasi inakupa uzio bila kununua miti wala waya, na juu yake kitu cha kumfurahisha mtoto.

Baba mmoja alituuliza: “Kwa nini nipande uzio kwenye ardhi ambayo si yangu?” Swali lake si dogo, sote tunalo moyoni. Sisi tulimjibu hivi: matawi yetu ya kwanza tuliyapata Bwera, kwenye uzio wa mama mmoja ambaye hatujuani naye. Alikata mwenyewe, akatupa bure. Siku tukirudi nyumbani, atakayekuja nyuma yetu atakuta uzio. Na watoto wetu watakuwa wanajua kupanda, na wanajua lipi linaliwa.

Anayetaka matawi aje shuleni jioni, akiwa na mtoto wake. Tutamkatia.