Ile "Teule" Kwenye Kibao cha Hospitali

Bumu likichelewa, hosteli kunakuwa na mabishano. Juzi mada ilikuwa hospitali za misheni. Mmoja akasema zile zilikuwa mtego tu, sindano mkono huu, ubatizo mkono ule. Mwingine, ambaye kazaliwa kwenye hospitali ya masista, akakasirika kabisa. Mimi nilinyamaza, maana nilikuwa nawaza kibao. Kule kwetu kusini, kama ilivyo mikoa mingine mingi, hospitali ya kanisa unaikuta imeandikwa "Hospitali Teule". Nimepita chini ya kibao cha namna hiyo tangu mdogo bila kujiuliza nani aliiteua, na kwa kazi gani.

Turudi nyuma kidogo. Serikali ya mkoloni iliweka hospitali zake hasa pale walipokuwa maofisa wake, askari wake na mali yake. Vijiji vya mbali vikaachiwa wamisheni. Ni kweli walitaka waumini, na hawakuficha jambo hilo. Kwa hiyo mwenzangu wa hosteli hajakosea kote. Ila akiishia hapo anamwacha nje mtu kama Leader Stirling.

Huyu alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Uingereza, aliyefika Tanganyika mwaka 1935 na misheni ya Kianglikana ya UMCA. Kituo chake kikawa Lulindi, upande wa Masasi. Hospitali yenyewe ilikuwa ya udongo na nyasi. Daktari mmoja na wagonjwa wa eneo zima, utafanyaje? Alifundisha. Vijana wa hapo hapo wakawa wauguzi wake, wakajifunza kufunga vidonda, kutoa dawa, kusaidia chumba cha upasuaji. Sisi tunaosoma ualimu tunapenda kudhani darasa ni letu peke yetu, kumbe kazi kubwa ya hospitali hizi ilikuwa kufundisha. Mzungu anaweza kurudi kwao kesho, muuguzi wa Lulindi yupo.

Stirling lakini hakurudi. Mwaka 1949 akaingia Ukatoliki na kuhamia Mnero, kwa Wabenediktini. Mwaka 1958 akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akawa mtu wa TANU, akachukua uraia, na kuanzia 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Yaani yule daktari wa hospitali ya nyasi ndiye aliyekuja kuongoza wizara ya nchi ya Ujamaa. Na ni katika kipindi chake, mwaka 1977, sheria ilipopiga marufuku hospitali binafsi za kutafuta faida. Za makanisa ziliruhusiwa kuendelea, kwa hoja kwamba hazifanyi biashara. (Marufuku hiyo ililegezwa mwaka 1991, ndiyo maana leo mjini kila mtaa una kliniki.)

Sasa kibao. Baada ya Azimio la Arusha serikali iliahidi huduma kila wilaya, lakini kuna wilaya hazikuwa na hospitali ya serikali hata moja. Badala ya kujenga nyingine karibu na ya kanisa, serikali ilikubaliana na kanisa: hospitali yenu sasa ihesabike ndiyo ya wilaya. Majengo yanabaki ya kanisa. Serikali inalipa mishahara ya watumishi na kutoa ruzuku kwa hesabu ya vitanda. Hospitali nayo inampokea kila mtu, awe Mwislamu, Mkristo au asiye na dini, kwa utaratibu wa hospitali ya wilaya. Hiyo ndiyo "teule". Hata Bugando ya Mwanza, iliyojengwa na Wakatoliki, ilichukuliwa na serikali mwaka 1972, na mwaka 1985 ikarudishwa kwa kanisa kwa makubaliano ya kuiendesha pamoja.

Kwa hiyo hospitali hizi zinakula kwenye mifuko mitatu: serikali, wafadhili wa nje, na mgonjwa. Mfuko mmoja ukitoboka, mingine miwili inavutwa. Wafadhili wa Ulaya wamezeeka, na makanisa yao hayajazi viti kama zamani. Serikali nayo imejenga hospitali zake nyingi za wilaya miaka hii, jambo jema, ila ikishafungua yake, watumishi na ruzuku vinaweza kuhamia huko. Anayebaki kuvutwa unamjua.

Mimi nilimjua kwa jina, maana ni bibi yangu. Oktoba moja aliteleza akiokota korosho, akavunjika mguu. Nilikuwa likizo, nikawa mwuguzaji wake wodini kwa wiki kadhaa, mguu umening'inizwa na uzito. Sera inasema mzee wa miaka 60 asiye na uwezo atibiwe bure, pamoja na mjamzito na mtoto chini ya miaka 5. Barua ya mtendaji wa kijiji tulikuwa nayo. Mhasibu akaisoma, akaikunja vizuri, akasema: "Mjukuu wangu, barua ni sahihi kabisa. Kumwona daktari hatumdai. Lakini dawa hizi tumenunua dukani kwa hela yetu, na fidia ya misamaha haijaja." Nilitamani kugomba, nikakosa wa kumgombeza. Hakuwa anatudanganya.

Aliyetuokoa ni sista mmoja mwenye daftari kubwa la mistari. Aliandika jina la bibi, kiasi, na pembeni neno moja: korosho. Maana yake tutalipa malipo ya mnada yakitoka. Ukurasa ule ulikuwa umejaa neno hilo.

Kitanda cha pili alilala mama aliyejifungua kwa upasuaji. Aliruhusiwa na daktari Jumatatu. Hadi Ijumaa alikuwa bado pale na mtoto wake, anasubiri kaka zake walete hela, na kwa kuwa wao si wakulima wa korosho, daftari halikumfaa. Muuguzi alikuwa anampelekea uji kwa siri, kutoka kwenye chupa yake mwenyewe ya chai.

Baba alikwenda kulipa Desemba. Anasema sista alichukua rula, akapiga mstari juu ya jina la bibi, akampa risiti, akafunua ukurasa unaofuata kutafuta jina la mtu mwingine aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni.