Mbona Faili Hazifiki? Kuhama Kutoka Tarakilishi Kuukuu Hadi Mpya

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Tarakilishi si kitu cha ajabu tena katika shule za hapa Kebirigo. Alama za mitihani zimo humo. Orodha za karo zimo humo. Hata insha na mashairi ya chama chetu hupigwa chapa humo kabla ya jarida kuchapishwa. Na watahiniwa wa somo la Kompyuta wana jambo kubwa zaidi, kwani karatasi ya tatu ya KCSE, yaani 451/3, ni mradi unaofanywa ndani ya mashine kwa miezi mingi. Mradi ukipotea, jasho lote limekwenda na maji.

Lakini mtambo nao huzeeka. Nyingi za tarakilishi za shule nchini Kenya zilikuja zikiwa zimeshatumika kwingine. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka wa 2002, lilijulikana kwa kazi ya kukarabati mashine za msaada na kuzipeleka shuleni. Mashine hizo zimetufaa sana. Hata hivyo, kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo hukataa mashine nyingi za zamani. Kwa hivyo shule, ofisi na saiba nyingi zinalazimika kuhama, na hapo ndipo matatizo huanza. Faili zinatambaa kama kobe, au zinagoma kabisa katikati ya safari. Wengi husema, "Mashine imeharibika," kisha wanakata tamaa. Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwamba aghalabu mashine haijaharibika. Tatizo huwa limejificha mahali pamoja tu njiani, na mahali hapo panaweza kutafutwa na kupatikana.

NJIA NYEMBAMBA KULIKO ZOTE

Sote tunalijua lori la majani chai. Likishika lami huenda mbio, lakini likiwa kwenye njia ya matope kutoka kituo cha kuuzia majani, hujikokota. Hata ukinunua lori jipya kutoka dukani, matope ni yale yale, na majani yatafika kiwandani kwa mwendo wa ile sehemu mbaya.

Data husafiri vivyo hivyo. Inatoka kwenye diski kuu ya mashine kuukuu, inapita tundu la USB, inaingia kwenye flashi, inatoka tena, inapita tundu la mashine mpya, na mwishowe inatua kwenye diski mpya. Kasi ya safari nzima huamuliwa na sehemu iliyo dhaifu kuliko zote. Ndiyo sababu mtu hununua tarakilishi mpya ya bei ghali na bado faili zikaenda polepole.

Hebu tupige hesabu. Kasi huandikwa kwa biti, ilhali ukubwa wa faili huandikwa kwa baiti, na biti nane hufanya baiti moja. USB ya kwanza iliyoenea, ile ya 1.1 ya mwaka 1998, ina kasi ya megabiti 12 kwa sekunde. Gawanya kwa nane, upate megabaiti moja na nusu, na kwa kweli hufika kama moja hivi. USB 2.0 ya mwaka 2000 ina megabiti 480. USB 3.0 ya mwaka 2008 ina megabiti 5,000. Sasa tuseme una gigabaiti 8 za picha na kazi za shule. Kwa USB 1.1 utangoja zaidi ya saa mbili. Kwa USB 2.0 inayofanya kazi vizuri, dakika tano hivi. Na kama ungetumia zile diski laini za megabaiti 1.44 za zamani, ungehitaji zaidi ya diski 5,500! Hizo hata mkokoteni zingeujaza.

ZIKIENDA POLEPOLE

Anza na tundu lenyewe. Tundu la USB 3.0 mara nyingi huwa na plastiki ya rangi ya samawati ndani, na yale ya zamani huwa meusi au meupe. Ukichomeka flashi nzuri kwenye tundu la zamani, itakwenda mwendo wa tundu. Katika mashine za mezani, jaribu pia matundu ya nyuma, kwa sababu yale ya mbele yameunganishwa kwa waya wa ndani ambao huweza kuwa umelegea au unapitisha umeme hafifu.

Kisha tazama dereva, yaani ile programu inayomwezesha mtambo kukijua kifaa. Windows XP ilipotoka mwaka wa 2001 haikuijua USB 2.0. Iliijua baada ya nyongeza ya mwaka 2002. Mashine iliyokosa dereva huendesha tundu zuri kwa kasi ya kizamani, na XP huleta ujumbe kwenye kiwambo kwamba kifaa hiki kingeweza kwenda kasi zaidi. Wengi huufunga ujumbe huo bila kuusoma, na jibu lilikuwa pale pale.

Flashi yenyewe pia ichunguzwe. Flashi za bei rahisi husoma haraka lakini huandika polepole mno. Ukitaka kujua kama ni mwivi wa muda, inakilie faili moja kubwa ukitumia mashine mpya peke yake. Ikitambaa hata huko, basi usiisingizie mashine kuukuu.

Jambo jingine ni wingi wa faili. Faili moja ya megabaiti 500 hufika upesi kuliko faili ndogo ndogo 5,000 zenye ukubwa huo huo kwa jumla. Hii ni kwa nini? Mfikirie karani wa kituo cha majani chai. Mkulima mmoja mwenye gunia moja kubwa hupimwa mara moja na kuandikwa mara moja. Lakini yakija mafungu mia moja ya kilo moja moja, karani atapima na kuandika mara mia, na foleni itafika barabarani. Tarakilishi nayo huandika kila faili kwenye daftari lake. Dawa ni kuzifunga faili zote pamoja ziwe faili moja ya zip kabla ya safari, halafu kuzifungua zikifika.

ZIKIKATAA KABISA

Kuna wakati mashine inasema hakuna nafasi, na wewe unaona nafasi ipo tele. Hapo shuku FAT32, mpangilio wa flashi ulioanza kutumika mwaka wa 1996. FAT32 haiwezi kubeba faili moja inayofika gigabaiti 4, hata flashi yenyewe ikiwa ya gigabaiti 32. Video ya tamasha la muziki inaweza kupita kiasi hicho kwa urahisi. Igawanye faili, au tumia flashi yenye mpangilio wa NTFS, ambao Windows XP na Windows mpya zote huuelewa.

Kinyume chake pia hutokea, na hapa nawasihi mwe makini. Flashi nyingi kubwa za siku hizi huwa na mpangilio uitwao exFAT, uliotokea mwaka wa 2006. Windows XP isiyo na nyongeza yake haiwezi kuusoma. Itakuuliza kama ungependa kuifomati flashi hiyo. KATAA! Ukikubali, itafuta kila kitu kilichomo. Flashi haijaharibika hata kidogo. Mashine tu haijui lugha yake. Ichomoe, ipeleke kwenye mashine mpya, nawe utaona kila kitu kimo.

Wengine hufungua flashi wakakuta vijialama vya njia ya mkato badala ya faili zao. Hivyo ni virusi, na vimeenea sana kwa sababu flashi moja huzunguka saiba tano kwa wiki. Mara nyingi kazi yako ipo, ila imefichwa. Usibofye vijialama hivyo na usifute chochote. Isafishe kwa programu ya kuua virusi kwenye mashine iliyo salama, kisha uziamuru faili zilizofichwa zionekane.

Safari ikikwama kila mara kwenye faili ile ile, na diski kuu inatoa sauti ya tik, tik, tik, hiyo ni diski inayokata roho. Acha kuirudiarudia. Nakili kwanza yale ya maana kuliko yote, kama vile mradi na alama, ndipo ufuate picha na nyimbo. Mashine ikikataa kuwaka kabisa, bado kuna matumaini. Fundi anaweza kuitoa diski na kuiunganisha na mashine mpya kwa kifaa cha kugeuza hadi USB. Mwambie ni diski ya aina gani. IDE hutumia waya mpana kama utepe, na SATA hutumia waya mwembamba.

Mwisho, faili inaweza kufika salama lakini isifunguke. Microsoft Office ya mwaka 2007 ilileta docx na accdb badala ya doc na mdb. Aliyeandika kwa Office mpya akipeleka kazi kwenye Office ya 2003 ataambiwa haieleweki. Ihifadhi upya kwa mtindo wa zamani, na mambo yatanyooka.

KUPITIA WAYA WA MTANDAO

Wenye waya wa mtandao wanaweza kuunganisha mashine mbili moja kwa moja. Ikiwa zote mbili ni za zamani, waya wa kawaida hautoshi. Unahitajika ule wenye nyuzi zilizopishana. Mashine mpya hujipanga zenyewe. Kumbuka pia kwamba waya una nyuzi nane. Kasi ya megabiti 100 hutumia nyuzi nne tu, lakini megabiti 1,000 huzihitaji zote nane. Uzi mmoja ukikatika, kasi inaweza kushuka mara kumi, au mawasiliano yakafa.

Waya ukiwa mzima na bado mashine hazionani, huenda hazisikilizani lugha. Windows XP hushiriki faili kwa lugha ya kale iitwayo SMB1. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry vilipitia udhaifu wa lugha hiyo vikashambulia mashine katika nchi zaidi ya 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Kuanzia Oktoba mwaka huo, Windows 10 mpya zilianza kutoka bila SMB1. Usiufungue mlango huo tena kwa ajili ya haraka. Tafuta mkalimani: mashine ya Windows 7 huelewa lugha zote mbili, hivyo yaweza kupokea kutoka kwa XP na kuikabidhi mpya. Au rudi tu kwenye flashi.

Wanaotaka kutumia intaneti watazame saa ya mashine kuukuu. Betri yake ndogo ya ndani ikifa, tarehe hurudi miaka mingi nyuma, na mashine hukataa tovuti salama kwa kudhani vibali vyake si halali.

KABLA YA KUFUTA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kuanza, andika idadi ya faili na ukubwa wake. Zikifika, linganisha. Zikiwa 1,240 kule na 1,238 huku, zitafute hizo mbili. Fungua chache za mwanzo, za katikati na za mwisho. Usichomoe flashi taa yake ikimetameta. Iage tarakilishi kwanza. Na kwa kuwa stima hupotea bila hodi, hasa mvua ikinyesha, ni heri kutumia mashine ya betri, au kuhamisha kazi mafungu mafungu.

Zaidi ya yote, NAKILI, usikate na kubandika. Anayenakili ana mali mahali pawili hata safari ikivunjika. Mashine kuukuu isifutwe wala kutolewa kwa mtu hadi muhula mzima upite na kila kitu kionekane kimefika.

Basi, wenzangu, safari ya faili ikikwama tusiipige mashine makofi. Tubadilishe kitu kimoja kwa wakati: tundu, kisha flashi, kisha waya, kisha mashine. Kitu kikibadilishwa na safari ikaendelea, mkosaji amejulikana. Alama za ndugu zetu waliotutangulia na miradi ya watahiniwa wetu imo ndani ya mashine hizi. Ni jukumu letu kuivusha ng'ambo salama. Kidole chepesi kisitangulie macho.