Kabati la jikoni la mtu wa pwani Uriri: ukwaju, obambla na kosa langu la sukari guru

Nilipohamia Uriri kumfuata mume wangu aliyepelekwa kazini kaunti ya Migori, nilikuwa na mizigo mitatu. Miwili ilikuwa ya nguo, mmoja wa jikoni. Huo wa jikoni ndio niliokuwa nikiukagua kila basi liliposimama: nazi kumi na mbili, mbuzi ya kukunia, ukwaju, ng'onda, iliki, mdalasini, karafuu, bizari nyembamba na pilipili manga. Kutoka Mombasa mpaka huku ni zaidi ya kilomita 800, nami niliamini kwamba ukishaipita Nairobi hakuna tena anayejua ladha.

Wiki ya tatu nazi nne zilikuwa zimeoza na Ramadhani inabisha hodi. Jirani yangu Mjaluo, ambaye mpaka leo ananiita "nyar Mombasa", yaani binti wa Mombasa, alinikuta nikizitupa akaniuliza, "Kwani mama, kwenu bila nazi hamli?" Swali lile liliniudhi kwanza, kisha likanifundisha.

Najua wasomaji wengi wa ukurasa huu wana watoto na ndugu walioajiriwa bara: walimu, wauguzi, askari. Kila mmoja akiondoka, mama mtu humfungia mzigo wa jikoni. Basi leo nieleze cha kufunga, cha kuacha, na jambo moja nililolikosea ambalo nusura limdhuru mamangu.

Viungo vikavu: beba, lakini vizima

Iliki, mdalasini, karafuu, bizari nyembamba na pilipili manga ni vyepesi, havivunjiki, na robo kilo ya kila kimoja hunitosha miezi mingi. Sharti langu ni moja: vibebwe vizima. Harufu ya kiungo imo ndani ya mafuta yake, na mafuta hayo hukaa salama kiungo kikiwa hakijavunjwa. Ukishasaga, huanza kupotea siku hiyohiyo. Tena kiungo kizima unakiona kwa macho, lakini unga wa pakiti huwezi kujua kilichochanganywa humo.

Viweke kwenye chupa zenye vifuniko, mbali na jiko na dirisha la jua. Siku ya kupika pilau, kaanga bizari kavukavu kwa moto mdogo mpaka inukie, kisha twanga. Usingoje igeuke rangi sana, itakuwa chungu. Na si pilau tu. Karafuu mbili kwenye sufuria ya maharagwe, au kijiti cha mdalasini kwenye uji, chakula cha kila siku kinabadilika bila gharama.

Ukwaju: acha nyumbani

Hapa ndipo nilipochekwa. Nilipomwonyesha jirani ukwaju wangu wa Mombasa kwa maringo, akasema, "Hii si ni chwaa?" Kumbe mkwaju unaota huku pia, matunda yake huuzwa sokoni, na Wajaluo huyatia kwenye uji tangu enzi za mabibi zao ili upate ukali kidogo.

Mimi nikaunganisha. Sisi pwani tuna uji wetu wa pilipili manga wa kufuturia, wao wana uji wao wa wimbi wenye chwaa. Loweka ukwaju wa kujaa kiganja katika kikombe cha maji ya uvuguvugu kwa dakika ishirini, ukamue, uchuje. Pika uji wa wimbi mpaka uive kabisa, epua, ndipo utie maji ya ukwaju, pilipili manga iliyotwangwa na iliki kidogo. Tumbo lililoshinda na njaa hupokea uji huu vizuri kuliko viazi vya kukaanga.

Kwenye mchuzi wa tui, ukwaju utiwe mwisho, moto ukiwa mdogo. Ukiutia mapema ukaacha mchuzi utokote kwa nguvu, tui litakatika.

Obambla: ng'onda wa ziwani

Ng'onda ni samaki aliyepasuliwa akakaushwa. Obambla ni vivyo hivyo, ila huyu ni ngege wa Ziwa Victoria. Mara nyingi hana chumvi kali kama ng'onda wetu, kwa hiyo hahitaji kulowekwa usiku kucha. Mwoshe kwa maji ya moto, mloweke nusu saa, umpitishe juu ya makaa kidogo ili anukie, kisha mpike na kitunguu, nyanya na pilipili mbichi.

Kwa Mwislamu anayeishi mahali kama hapa, samaki ana faida nyingine. Hana haja ya kuchinjwa, hivyo humla bila wasiwasi. Kuna nyama yao iliyokaushwa juani, aliya, ambayo hupikwa kwa samli na huvutia sana. Lakini siichukui sokoni mpaka nijue imechinjwa na nani. Nilimweleza jirani sababu, naye hakuudhika. Nikialikwa kwake, hupika samaki.

Karanga mahali pa tui

Nazi hufika huku, lakini kwa bei na kwa bahati. Karanga zimejaa Migori na Homa Bay, huuzwa kwa gorogoro. Zikaange, zipepete maganda, zitwange mpaka zitoe mafuta. Koroga vijiko vinne vya chakula katika vikombe viwili vya maji ya uvuguvugu, umimine kwenye obambla au mchicha. Pika kwa moto mdogo huku ukikoroga, maana karanga hushika chini upesi. Ladha si ya nazi, na usiilazimishe iwe. Uzito ndio unaoufanya mchuzi ushikane na wali.

Ila karanga zina hatari yake. Zikihifadhiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumu inayoitwa aflatoksini ambayo huharibu ini. Sumu hii haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Mwaka 2004, mahindi yaliyoota kuvu yaliua watu 125 huko Ukambani. Kwa hiyo nunua karanga kavu zinazolia ukizitikisa, chambua zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, uzitupe. Usimpe kuku, wala usizisage ukidhani hazitaonekana.

Sukari guru na kosa langu

Eneo hili ni la miwa. Kiwanda cha Sony kiko Awendo, hatua chache kutoka kwetu, na zaidi ya hicho kuna viwanda vidogo vya guru. Hukamua miwa, huchemsha maji yake kwenye masufuria makubwa ya wazi huku wakiengua povu, mpaka yawe mazito, kisha humimina yakagande. Guru hii nzuri mno kwa kashata, kwa chatne ya ukwaju, na kwa chai ya tangawizi.

Mamangu ana ugonjwa wa sukari. Likizo moja nilimpelekea Mombasa kilo tano za guru, nikimwambia kwa kujiamini kuwa hii ni ya asili, haina kemikali, haimdhuru mwenye sukari. Maneno hayo nimeyasikia maisha yangu yote, sikuyauliza. Naye kwa kuwa ni mwanawe aliyesema, akaiacha kando sukari nyeupe aliyokuwa akiipima kwa kijiko, akawa anakunywa chai ya guru asubuhi na jioni. Mwezi haukuisha, nikapigiwa simu kwamba amezidiwa, kipimo kimepanda.

Muuguzi alitueleza kwa upole. Guru ni maji ya miwa yaliyopunguzwa kwa moto. Rangi yake na madini kidogo yaliyobaki haviondoi ukweli kwamba sehemu kubwa yake ni sukari ileile ya miwa, na damu haiulizi ilikuwa nyeupe au ya hudhurungi. Mwenye kisukari aihesabu kama sukari, na amsikilize daktari wake, si binti yake.

Mamangu alipona, alhamdulillahi. Lakini bado wako wanaouziwa guru kama dawa, na wengine tunaowapelekea ni sisi watoto wao, kwa mapenzi.

Waswahili tunasema mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Kabati langu leo lina chupa tano za viungo vya Mombasa, na vilivyobaki vyote ni vya soko la hapa. Mbuzi ya kukunia nazi imening'inia ukutani ikingoja bahati. Na nikienda nyumbani Idi hii, inshallah, mzigo wa mamangu utakuwa obambla.