UZI: TV "inatuharibia jina" ama inaripoti tu? Namna ya kuitazama habari ya Kaskazini Mashariki

1/ Kila kukitokea shambulio huku kwetu, mjadala ni ule ule. Mmoja anasema "TV zinatuharibia jina." Mwingine anajibu "TV zinaripoti tu kilichotokea." Kila mmoja ana nusu ya ukweli. Hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Twende polepole.

2/ Habari ya TV si dirisha. Ni kitu kimetengenezwa. Kuna mtu aliamua kamera isimame wapi, nani ahojiwe, nini kikatwe, ipi ifungue taarifa ya saa moja na ipi ingoje hadi mwisho. Hii si kusema wanadanganya. Picha inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado ikuachie nusu ya habari.

3/ Mfano. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Habari ile ilistahili kila dakika iliyopewa. Lakini mtu wa Nyeri ama Kakamega, ambaye hajawahi kuvuka daraja la Tana, ameiona Garissa mara ngapi kwa jambo lingine? Soko letu la mifugo? Mtambo wa umeme wa jua uliozinduliwa 2019?

4/ Mtafiti wa Marekani, George Gerbner, alianza kuchunguza mambo haya miaka ya 1960. Hoja yake: kipindi kimoja hakikubadilishi, ila TV inakuloweka kidogo kidogo kwa miaka. Wanaotazama sana huelekea kuiona dunia ni hatari kuliko ilivyo. Wapo wasomi waliompinga, wakisema athari hiyo ni ndogo. Hata hivyo swali lake bado lina maana kwetu.

5/ Hii inakuwaje siasa? Januari 2020 walimu 3 waliuawa Kamuthe, hapa Garissa. Baadaye walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Hofu yao ilikuwa ya haki, wenzao walikufa. Lakini tuulize: mwalimu anapokataa kuja huku, anaogopa sehemu zilizoshambuliwa, ama anaogopa "North Eastern" nzima aliyoijua kwa TV? Anayelipa tofauti hiyo ni mtoto aliyekaa darasani bila mwalimu.

6/ Angalia pia maneno. Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa kwa operesheni ya Usalama Watch na wengi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Ukiita jambo hilo "msako wa magaidi", mtazamaji ameshahukumu. Ukisema "watu wamekamatwa kwa wingi, mashtaka hayajatajwa", atauliza maswali. Tukio moja, habari mbili.

7/ Halafu uliza nani anasimulia. Desemba 2015 basi lilivamiwa Mandera, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Stesheni zetu ziliripoti. Lakini filamu iliyofikisha kisa hicho hadi kuteuliwa Oscar mwaka 2018, Watu Wote, ilikuwa kazi ya wanafunzi wa chuo cha Hamburg, Ujerumani, pamoja na waigizaji wa hapa Kenya. Fuata pesa utaelewa: tangazo la biashara linafuata macho mengi, na macho mengi hayako Galbet.

8/ Sasa upande wa pili, na hapa wengine mtanuna. "Media inatuharibia jina" pia ni ngao ya viongozi. Mwandishi akiuliza kwa nini zahanati haina dawa, anajibiwa "unachafua kaunti". Hapana. Kukosoa TV si kumkinga mwenye kula pesa ya umma.

9/ Na kumbukeni kimya kiliwahi kutufanya nini. Mauaji ya Bulla Kartasi mwaka 1980 na Wagalla mwaka 1984 yalitokea wakati utangazaji wote ulikuwa mikononi mwa serikali. KTN, TV ya kwanza ya binafsi, ilikuja 1990. Wazee wetu hawakulalamika kwamba kamera zimewaonyesha vibaya. Hazikuwaonyesha kabisa. Kamera mbaya unaweza kuijibu. Kamera isiyokuja utaijibu vipi?

10/ Stuart Hall, msomi mzaliwa wa Jamaika aliyeishi Uingereza, aliandika mwaka 1973 kwamba mtazamaji ana njia 3: kumeza habari ilivyo, kuikataa, ama kukubali sehemu na kuhoji sehemu. Wanaosema "wanaripoti tu" wamemeza. Wanaosema "wanatuharibia jina" wamekataa. Njia ya tatu inachosha, lakini ndiyo inatufaa.

11/ Zoezi la leo saa moja. Chukua habari moja ya kwetu, uliza:
• Nani ameongea, na nani ameongelewa tu?
• Ni neno gani limeshatoa hukumu?
• Picha ni ya leo ama ni ya maktaba?
• Ni habari gani ya huku imekosa nafasi wiki hii?

12/ Ukipata habari ya uongo ama ya kupotosha, usiishie kutukana hapa. Katiba, kifungu cha 35, inakupa haki ya kudai irekebishwe ikiwa inakuathiri. Baraza la Vyombo vya Habari nalo lina tume ya malalamishi. Andika, taja stesheni, tarehe na saa.

Lete majibu ya zoezi hapa chini. Ushahidi kwanza, matusi baadaye.