Sakafu ya Garaji: Tupake Nini juu ya Simenti?



Hapa kwetu Kolwezi kazi ya motokari haikosi. Kamioni zinabeba madini na mali za migodi mchana na usiku, na garaji ziko kila upande, toka Dilala mpaka Manika. Wengi wetu tukimaliza masomo tutaingia humo, na wengine watafungua garaji yao wenyewe. Ndiyo sababu tumeandika habari hii ya sakafu.

Mtu atasema: Sakafu ni kitu gani? Si pa kukanyaga tu? Hapana. Sakafu mbaya inatoa vumbi, na vumbi lile linaingia ndani ya moteri iliyofunguliwa. Mafuta yakimwagika juu ya simenti wazi yanaingia ndani, na kama kuna nyufa yanashuka mpaka udongoni. Katika kata zetu watu wengi wanakunywa maji ya kisima. Tena kuna habari ya pesa. Kijana anayeanza ana pesa kidogo. Akinunua rangi ya bei kubwa, nayo ikabanduka kabla ya mwaka kwisha, amepoteza jeki na funguo ambazo angalinunua kwa pesa ile.

Basi tujue kwanza simenti yenyewe, halafu tutapima dawa moja moja.

SIMENTI SI JIWE ZIMA

Ukiitazama sakafu ya simenti unaona kitu kigumu, kumbe ndani ina vitundu vidogo vingi sana. Maji ya udongo yanapanda katika vitundu hivyo sawa vile mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Wakati wa mvua, toka mwezi wa kumi na moja hivi mpaka mwezi wa nne, udongo wa Kolwezi unajaa maji, na sakafu isiyowekewa plastiki chini yake inayavuta. Juu inaonekana kavu, kwa sababu maji yanatoka kama mvuke. Lakini ukifunika juu kwa rangi isiyopitisha hewa, mvuke unakosa njia. Unasukuma rangi toka chini, inafanya malengelenge, halafu inabanduka.

Jambo la pili: simenti ina chokaa kali ndani yake. Chokaa hiyo ndiyo inayochoma mikono ya fundi wa kujenga asiyevaa glavu.

Jambo la tatu: fundi akitia maji mengi katika zege ili isambae upesi, maji yanapanda juu pamoja na unga mwepesi wa simenti. Ukikauka, unga ule unakuwa ngozi nyembamba isiyo na nguvu. Rangi inashika ngozi ile, lakini ngozi yenyewe haishiki sakafu. Matairi yakipita, vyote viwili vinaondoka pamoja.

SASA TUPIME DAWA

1. Kuacha simenti wazi. Hii haina gharama ya kupaka. Fundi mzuri anailainisha vizuri kwa mwiko wa chuma inapoanza kukaza, kisha anaitunza na maji siku saba ili isikauke upesi kwa jua. Sakafu iliyofanywa hivi inadumu miaka mingi. Ubaya wake ni kwamba mafuta yanaingia, na asidi ya batri inaila.

Wengine wanataka kuzuia vumbi, kwa hiyo wanamwaga mafuta machafu ya moteri juu ya sakafu na kuyasugua. Vumbi linapungua kweli. Lakini sakafu hiyo inateleza, inawaka upesi moto ukitokea, na siku ukitaka kuipaka rangi, hakuna rangi itakayoshika. Hiyo si dawa.

2. Rangi nyekundu na nta. Hii tunaijua wote, iko katika nyumba nyingi za zamani. Inapendeza kwa baraza na chumba. Kwa garaji haifai: nta inalainishwa na esanse na mazuti, na ikipata maji inateleza sana. Mtu aliye chini ya motokari hataki mwenzake ateleze na jeki.

3. Dawa ya kukazia simenti. Hii ni maji yenye silikati ya sodiamu, ambayo wengine wanaita maji ya kioo. Haikai juu kama rangi. Inaingia katika vitundu, inakutana na chokaa, na kwa pamoja vinafanya kitu kigumu kinachofanana na kile kinachoshika simenti yenyewe. Vumbi linapungua, ngozi ya juu inakaza. Kwa kuwa si ngozi ya kupaka, haiwezi kubanduka, na mvuke bado unapita. Lakini tusidanganyane: haizuii mafuta kabisa, na haizuii asidi. Tena juu ya sakafu iliyokwisha kunywa mafuta haiingii.

4. Rangi ya mafuta, ile ya kupaka milango. Bei yake si kubwa, na wengi wanaichukua. Juu ya nini inaharibika? Mwenye kuona namna mama wanavyotengeneza sabuni anaweza kujibu. Unachukua mafuta ya mawese, unatia soda kali, inakuwa sabuni. Basi chokaa kali ya simenti inafanya kazi ileile juu ya mafuta yaliyo ndani ya rangi, hasa kukiwa na unyevu. Rangi inakuwa laini, inanata, inatoka. Ni nzuri juu ya mbao na chuma, lakini si juu ya sakafu ya simenti.

5. Rangi ya maji ya akriliki. Hii haigeuki sabuni, haina harufu kali, na inapitisha mvuke kidogo. Inafaa mahali watu wanapotembea kwa miguu. Lakini ni nyembamba. Tairi lililotoka safari ndefu lina joto. Likisimama linakandamiza rangi na kunata nayo, na motokari ikiondoka inachukua kipande. Utaona alama nne za matairi ambapo simenti inaonekana tena.

6. Epoksi. Hii si rangi ya kukauka tu. Ni vitu viwili katika makopo mawili; ukivichanganya vinashikana na kuwa kitu kimoja kigumu kisichoyeyuka tena. Ilitengenezwa katika miaka ya 1930 na 1940. Kati ya waanzilishi wake ni Pierre Castan wa Uswisi na Sylvan Greenlee wa Marekani. Epoksi nzuri inashika simenti kwa nguvu, inazuia mafuta, esanse na mazuti, na inavumilia asidi ya batri kama ukiifuta upesi. Jua likiipiga inageuka njano, basi ni ya ndani.

Ina masharti yake. Kipimo cha makopo mawili lazima kiwe sawasawa na maandishi yake, ukikisia, haitakaza. Baada ya kuchanganya una muda mfupi, mara nyingi chini ya saa moja, na ukiiacha nyingi ndani ya ndoo inapata joto yenyewe mpaka kutoa moshi. Baridi nayo inaizuia: chini ya digrii 10 epoksi nyingi hazikazi vizuri, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba hapa kwetu baridi ni ya kweli. Ipakwe asubuhi jua likisha kupanda, si jioni.

7. Poliuretani. Hii mara nyingi inapakwa juu ya epoksi. Inavumilia jua na kukwaruzwa kuliko epoksi. Lakini kikazio chake kina isosianati, kitu kinachodhuru mapafu na kinachoweza kuleta pumu ya maisha. Kitambaa cha kufunga mdomo hakitoshi. Asiye na kinyago cha kweli na hewa ya kupita asiiguse.

HESABU YA UNENE

Muuzaji atakuambia bidoni moja inatosha sakafu nzima. Usibishane naye, piga hesabu. Lita moja ikitandazwa juu ya meta 1 ya mraba ina unene wa milimeta 1. Garaji ya meta 6 kwa 4 ina meta 24 za mraba. Ukipaka lita 6, unene ni robo ya milimeta. Kama nusu ya rangi hiyo ni maji au dawa ya kuyeyushia, nusu itaruka hewani, na utabaki na unene wa milimeta 0.125, karibu na kipande kimoja cha karatasi nene. Basi uliza kwanza: ndani ya bidoni hii kinachobaki ni kiasi gani? Bidoni ya bei ndogo inaweza kuwa ghali ukiangalia kinachobaki sakafuni.

ASIDI NI HABARI INGINE

Sisi watu wa Lualaba tunaijua asidi ya sulfuriki. Kiwanda cha Luilu, kilichoanza mwaka 1960, kiliitumia kuyeyusha shaba na kobalti toka katika madini. Asidi hiyo hiyo, ikiwa na maji, iko ndani ya batri. Ikimwagika juu ya simenti inageuza chokaa kuwa jasi, ambayo inavimba na kupasua. Hata dawa ya namba 3 haitasaidia. Mahali pa kuchajia batri pawe pamoja tu, na chini pawekwe beseni ya plastiki. Hiyo ni rahisi kuliko kupaka garaji yote.

MAJARIBIO MAWILI YASIYO NA GHARAMA

Kabla ya kununua chochote, fanya hivi:

a) Jaribio la unyevu. Chukua plastiki safi ya nusu meta kila upande, ibandike sakafuni kwa skochi pande zote nne, hewa isipite. Iache siku moja na usiku wake. Ukikuta matone chini ya plastiki, au simenti imekuwa nyeusi, maji yanapanda. Usipake epoksi wala rangi ya mafuta. Jaribio hili lifanywe wakati wa mvua, maana kiangazi sakafu inaweza kukudanganya.

b) Jaribio la tone. Mwaga matone ya maji mahali mbalimbali. Yakinywewa upesi, vitundu viko wazi. Yakisimama kama shanga, kuna mafuta au nta. Osha na sabuni kali na maji ya moto, sugua kwa brosi, jaribu tena. Asidi ya kuoshea simenti haiondoi mafuta, hapo wengi wanakosea. Na kama unaitumia kwa ajili ya kukwangua ngozi ya juu, mimina asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, halafu suuza mara nyingi.

Sakafu mpya ingoje siku 28 kwanza.

TUCHAGUE NINI?

Sisi tunaona hivi. Garaji mpya, yenye plastiki chini ya zege na kavu kwa jaribio: epoksi inafaa, kama pesa iko, na mchanga safi unyunyiziwe juu isiteleze. Sakafu isiyo na mafuta lakini yenye unyevu: dawa ya kukazia. Sakafu ya zamani iliyokunywa mafuta miaka mingi: usinunue rangi. Ziba nyufa, tandaza unga wa mbao pale mafuta yanapodondoka, weka beseni chini ya kila motokari, na mafuta machafu yakusanywe katika pipa, yasimwagwe nje. Pesa iliyobaki nunua chombo cha kazi.

Rangi haiwezi kuwa na nguvu kuliko kile inachokishika. Kwa hiyo mtu akikuuliza rangi gani ni nzuri, nawe umuulize: sakafu yako ikoje? Kama hajui, mpe plastiki na skochi, mwambie arudi kesho.