Leza ya Mishipa ya Uso: Uliza Maswali Haya Kabla Hujalipa

Hebu chukua kioo, sogea dirishani. Angalia mashavu na pembeni mwa pua. Kama kuna vistari vyekundu au vya zambarau, vyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni mishipa midogo ya damu iliyopanuka hadi ikaonekana.

Mimi niliiona nikiwa na miaka 22. Nilikuwa nimeacha chuo, sina kazi, na nimejiaminisha kuwa ukiwa mweupe kidogo mambo hujipa. Nikanunua krimu isiyo na lebo. Wiki chache tu, uso ukang'aa, selfi zikapendwa. Miezi sita baadaye, mishipa hiyo hapo!

Krimu nyingi za kujichubua zinazouzwa kichinichini huwa na steroidi kali. Ukijipaka kwa miezi, ngozi hupungua unene, mishipa iliyo chini hupanuka, na rangi iliyokuwa ikiificha inafifia.

Kwa aibu nikakimbilia saluni moja inayotangaza leza. Hakuna aliyeniuliza ninajipaka nini. Niliulizwa tu kama nalipa kwa M-Pesa. Nilitoka na shavu linalowaka, kisha likabaki na doa jeusi karibu mwaka mzima. Mishipa je? Bado ilikuwepo.

Daktari wa ngozi ndiye alinifungua macho. Leza ni mwanga. Himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, huunyonya, joto linapanda, mshipa unajifunga na mwili unauondoa polepole. Lakini melanini nayo hunyonya mwanga huo huo. Kwa ngozi zetu nyeusi, joto linaweza kuishia juu, na hapo ndipo unapoungua, unapata madoa au hata kovu.

Kwa hivyo mashine si sawa zote. Mwanga wa kijani wa nanomita 532 hunyonywa sana na melanini. Nd:YAG ya nanomita 1064 huipita kwa urahisi zaidi na kuzama ndani, ndiyo maana huwa salama zaidi kwa ngozi nyeusi. Hata hiyo inataka mkono uliozoea, maana ikizidishwa nguvu pia huunguza.

Sasa kabla hujatoa doo, uliza:

- Mashine ni ya aina gani, na umewahi kuitumia kwa ngozi kama yangu?
- Utajaribu kwanza sehemu ndogo, tusubiri tuone?
- Nitahitaji kurudi mara ngapi? Mara moja huwa haitoshi.
- Wewe ni daktari? Jina lake litafute mwenyewe kwenye sajili ya KMPDC mtandaoni.

Na ile krimu? Mwambie daktari ukweli. Usiiache ghafla kivyako, kwa sababu uso unaweza kuvimba na kuwasha vibaya. Ila ukiendelea kujipaka huku unalipia leza, ni kama kupiga deki wakati mfereji umeachwa wazi.

Mimi niliona haya kusema ninajichubua. Hiyo haya ndiyo iliyonigharimu shavu.