Waridi Juu ya Jabali

Mchagua jembe si mkulima, wamesema wahenga. Lakini maua yana sheria yake: asiyechagua mche hulima bure. Hayo humfika upesi mtu wa Pwani aliyehamia Kehancha, huko Kuria Magharibi katika Kaunti ya Migori, akapata kiwanja nusu udongo na nusu jabali, na moyoni ana hamu ya waridi na asumini za kwao.

Habari njema ni kwamba mwaridi hauchukii bara. Huku kwetu joto na unyevu huuletea madoa meusi, majani yakapukutika. Kehancha iko juu kuliko Ziwa Victoria, ambalo lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake hupoa. Wala mawe si adui. Katika Jabal Akhdar, kule Oman, kwenye kimo cha mita 2,000 hivi, wakulima hupanda miwaridi katika ngazi za ardhi zilizojengewa kuta za mawe, wakainywesha kwa mifereji ya falaji, na ifikapo Aprili huchuma maua ya kupikia marashi.

Siri basi ni udongo. Suratul Baqara imepiga mfano wa jabali lenye vumbi juu yake, mvua kubwa ikalipiga, likabaki tupu. Kwa hiyo usimwage udongo juu ya jiwe ukadhani umepata bustani. Chimba chini ya jiwe, futi mbili kwenda chini na futi mbili upana. Ukigonga mwamba, hama. Changanya samadi kuukuu ya ng'ombe, ambayo kwa Wakuria wafugaji si adimu, kisha uache mmea upande wenyewe. Jiwe litautunzia mizizi unyevu. Ila upande wa magharibi huchomwa na jua la alasiri, basi weka shina mbali kidogo.

Sasa uchaguzi. Mwaridi upandao hauna vikono vya kushikia, wataka kamba. Ulaze matawi kwa ubavu, nao utachanua kila pingili badala ya nchani tu. Ule uitwao New Dawn, uliotoka Marekani mwaka 1930, una maua ya waridi hafifu na hustahimili maradhi. Bogenvilia, yenye asili ya Brazili na jina la nahodha Mfaransa Louis Antoine de Bougainville, ikishika mizizi haitaki maji mengi. Lakini ina miiba, isiwe kwenye njia ya watoto waendao chuoni. Mpasheni hujishikia wenyewe na hutoa matunda, ila wapenda maji. Asumini si hodari wa kupanda jabali; iweke karibu na dirisha, harufu yake iingie usiku. Na lile ua la mwituni liitwalo Gloriosa, jekundu na manjano mfano wa ndimi za moto, lisikuhadae: kiazi chake kina sumu ya kuua.

Lililo zito kuliko yote ni maji. Panda masika yaanzapo, mwezi wa Machi. Hata hivyo, mwaka wa kwanza kila mwaridi utadai debe moja kwa juma wakati wa kiangazi. Penye bomba, si neno. Pasipo bomba, debe hilo huwa juu ya kichwa cha mama au binti, naye hakuulizwa kama apenda maua. Mwenye nyumba apandaye miwaridi mitano ili wapitao wasifu, ameipanda shingoni mwa mwingine.

Dawa ipo uani. Maji ya udhu hayana sabuni, na nyumba ya Waislamu huyamwaga mara tano kwa siku. Chimba mfereji mdogo kutoka pale pa kutawadhia hadi shinani, upande mwaridi mmoja. Mfano ule wa jabali ulipigwa kwa ajili ya wanaotoa kwa ria. Bustani ya ria hukauka kiangazi cha kwanza. Mwaridi mmoja unaokunywa maji ya udhu utafunika jabali, na hakuna aliyeumwa na shingo.